Atomu ipi ndiyo ya kweli: niliyofundishwa mimi au anayofundishwa mwanangu?

SWALI: Msomaji wetu wa Morogoro anauliza hivi: "Nilipokuwa shuleni, mwalimu wetu alituambia kwamba atomu ni chembe ndogo kabisa isiyoweza kugawanyika. Mwanangu yuko kidato cha pili, na daftari lake lina mchoro wa kiini katikati na elektroni zikikizunguka kama sayari zinavyolizunguka jua. Juzi nimesoma kwamba hata hiyo si sahihi, kwamba elektroni ni kama wingu. Ipi ndiyo kweli? Na kama hakuna aliyewahi kuiona atomu, walijuaje hayo yote?"

JIBU: Ndugu yangu, nakushukuru kwa swali hili, kwa kuwa umeunganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyauliza kando kando: atomu ikoje, na tulijuaje. La kwanza halijibiki bila la pili. Michoro hiyo mitatu unayoitaja ilichorwa kwa nyakati tofauti na watu waliokuwa na vipimo fulani mkononi. Kila mchoro ulivieleza vizuri vipimo vya wakati wake, ukadumu mpaka kilipopatikana kipimo kilichokataa kuingia ndani yake, na hapo ukarekebishwa. Lakini yale uliyokuwa umeyaeleza sawasawa hayakutupwa, na ndiyo maana hata leo mkemia anaweza kufanya kazi ya siku nzima kwa atomu uliyofundishwa wewe bila kukosea hesabu hata moja.

Wasimulizi wengi huanza na Democritus wa Abdera, Mgiriki aliyeishi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, ambaye alisema kwamba vitu vyote vimeundwa kwa chembe zisizokatika zinazotembea katika utupu. Neno atomu lenyewe limetokana na Kigiriki na maana yake ni kisichokatika. Namheshimu Democritus, lakini simhesabu miongoni mwa waliojua, kwa sababu Aristotle alimpinga kwa hoja zilizokuwa na nguvu vilevile na hapakuwa na kipimo chochote cha kuamua kati yao. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili suala hilo lilibaki kuwa mabishano ya wanafalsafa.

Mambo yalianza kubadilika pale wakemia walipoanza kutegemea mizani. Huko Paris, Antoine Lavoisier alipima vitu kabla na baada ya kuungua, akiwa amevifungia ndani ya vyombo vya kioo ili hata gesi isitoroke, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1789 akaeleza kwamba uzito wa jumla haupungui wala hauongezeki. Kitu kinaweza kugeuka moshi, majivu na mvuke, lakini ukivikusanya vyote na kuvipima utapata uzito uleule ulioanza nao. Baada ya hapo ikawa na maana kuuliza ni gramu ngapi za kitu hiki huungana na gramu ngapi za kile, na majibu ya swali hilo yalikuwa ya ajabu.

Nikuonyeshe kwa mkaa wa jiko lako, ambao sehemu yake kubwa ni kaboni. Ukiwaka penye hewa ya kutosha hutoa hewa ya ukaa, ileile tunayoitoa puani. Ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa madirisha hutoa pia kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo imewaua watu wengi waliolala na jiko ndani. Gesi zote mbili zimeundwa kwa vitu vilevile viwili, kaboni na oksijeni. Sasa tuzipime. Katika ile gesi ya kuua, kila gramu 12 za kaboni zimeungana na gramu 16 za oksijeni. Katika hewa ya ukaa, gramu 12 zilezile zimeungana na gramu 32. Si gramu 25 wala 30 na nusu, bali 32, mara mbili kamili ya 16. Kama oksijeni ingekuwa kitu cha kumiminika kisicho na chembe, kaboni ingeweza kuchota kiasi chochote kati ya 16 na 32, kama mtu anavyochota uji. Uwiano huo wa namba nzima unaeleweka ukikubali kwamba oksijeni huja kwa vipande kamili: kipande kimoja kwa kimoja cha kaboni, au viwili kwa kimoja, na hakuna kipande na nusu.

Huo ndio aina ya ushahidi aliokuwa nao John Dalton, mwalimu wa Manchester, Uingereza, alipoandika jedwali lake la kwanza la uzito wa atomu mwaka 1803, na kisha kutoa kitabu chake mwaka 1808. Alisema kwamba kila elementi ina atomu za aina yake zenye uzito wake, kwamba atomu haziumbwi wala haziharibiki katika mabadiliko ya kikemia, na kwamba huungana kwa namba nzima. Atomu ya shuleni kwako ni hiyo ya Dalton. Hakuiona, wala hakudai kuiona. Aliifikia kwa mizani. Tena alikosea baadhi ya mambo: alidhani kwamba maji yana atomu moja ya haidrojeni kwa moja ya oksijeni, na kosa hilo likavuruga uzito wa atomu nyingi katika jedwali lake. Amedeo Avogadro wa Italia alitoa njia ya kulisahihisha mwaka 1811, lakini hakusikilizwa ipasavyo hadi mkutano wa wakemia uliofanyika Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860, ambapo Mwitalia mwenzake, Stanislao Cannizzaro, aliitetea hoja hiyo. Mara baada ya uzito wa atomu kukaa sawa, Dmitri Mendeleev wa Urusi aliweza kuzipanga elementi katika jedwali lake la mwaka 1869, akaacha nafasi wazi kwa zile zilizokuwa hazijagunduliwa.

Pamoja na mafanikio hayo, hadi mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo wanasayansi wakubwa walioukataa uhalisia wa atomu, akiwemo mkemia Wilhelm Ostwald na mwanafizikia Ernst Mach. Nawataja kwa heshima, kwa kuwa pingamizi lao lilikuwa swali lako hasa: kama hamjaiona, kwa nini tusiseme kwamba ni njia tu ya kurahisisha hesabu? Jibu lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown alikuwa ameona kwa hadubini kwamba chembe ndogo zilizotoka ndani ya chavua, zikielea majini, hazitulii. Zinatikisika huku na huku bila kikomo. Alipodhani kwamba labda ni uhai, akajaribu vumbi la mawe, hata kipande kilichotoka kwenye sanamu ya Sphinx ya Misri, na vumbi hilo nalo likacheza vilevile.

Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba mtikisiko huo ni matokeo ya chembe kupigwa na molekuli za maji kutoka pande zote, na akatoa hesabu inayoonyesha jinsi ya kupata idadi ya molekuli kutokana na umbali ambao chembe husogea. Jean Perrin wa Ufaransa akaifanya kazi hiyo kwa subira ya kupendeza. Alitengeneza vipunje vya utomvu mkavu wa mti vyenye ukubwa unaolingana, akavielesha ndani ya maji, kisha akavihesabu kwa hadubini kimo kwa kimo, akaona vinapungua kwenda juu kwa kanuni ileile ambayo hewa hupungua kadiri unavyoupanda Kilimanjaro. Kutokana na hesabu hizo alipata idadi ya molekuli zilizomo katika gramu 18 za maji, ambayo leo tunaijua kuwa ni takriban 6 ikifuatwa na tarakimu 23. Kilichowanyamazisha wapinzani ni kwamba njia zaidi ya kumi zisizohusiana, kuanzia rangi ya buluu ya anga hadi unururifu (tabia ya elementi fulani kurusha miale zenyewe), zilitoa namba zinazokaribiana sana. Ostwald mwenyewe alikubali hadharani.

Ajabu ni kwamba wakati wapinzani wanakubali kuwa atomu zipo, tayari ilikwisha kujulikana kwamba hazistahili jina lao. Huko Cambridge mwaka 1897, J. J. Thomson alikuwa akichunguza miale inayopita ndani ya mrija wa kioo ulionyonywa hewa pale umeme wenye nguvu unapopitishwa. Aliipindisha miale hiyo kwa sumaku na kwa vibamba vya umeme, na kutokana na kiasi cha kupinda akapata uwiano wa chaji na uzito wa chembe zinazoibeba. Chembe hizo zilikuwa na chaji hasi, na hesabu ilionyesha kuwa ni nyepesi kuliko atomu ya haidrojeni kwa zaidi ya mara elfu moja. Leo tunasema takriban mara 1837. Zaidi ya hapo, alipobadilisha gesi iliyomo mrijani au metali ya vibamba, chembe zilitoka zilezile, jambo lililomaanisha kwamba zimo ndani ya kila aina ya atomu. Tunaziita elektroni. Na kwa kuwa atomu nzima haina chaji, lazima ndani yake mwe na chaji chanya ya kulinganisha. Thomson akapendekeza kwamba chaji hiyo imetandazwa katika atomu yote, na elektroni zimepachikwa humo kama zabibu kavu ndani ya keki.

Wakati huohuo asili ilikuwa imetoa kifaa cha kuipima keki hiyo. Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba chumvi za urani zinatia weusi kwenye bamba la picha lililofungwa katika karatasi nyeusi, bila kuhitaji mwanga wa jua. Marie Curie na mumewe Pierre wakaendeleza kazi hiyo, na mwaka 1898 wakatangaza poloniamu na radiamu, walizozipata katika mabaki ya madini ya urani kutoka Joachimsthal, katika milki ya Austria ya wakati huo. (Baadaye, katika miaka ya 1920, madini ya Shinkolobwe huko Katanga ndiyo yaliyolishika soko la radiamu duniani, na jasho la wachimbaji wa Kongo katika historia hii halitajwi inavyostahili.) Miongoni mwa vitu vinavyorushwa na elementi hizo ni chembe za alfa, ambazo Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, alithibitisha kuwa ni atomu za heliamu zilizovuliwa elektroni zake, zinazokwenda kwa zaidi ya kilomita elfu kumi kwa sekunde.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu jaribio linalofuata ndilo lililozaa mchoro wa mwanao. Mwaka 1909 katika chuo kikuu cha Manchester, Rutherford alimpa kazi Hans Geiger na mwanafunzi wa miaka 20, Ernest Marsden, ambaye hakuwa amepata hata shahada yake ya kwanza. Walielekeza chembe za alfa kwenye karatasi ya dhahabu nyembamba mno, isiyofikia sehemu moja ya elfu ya milimita. Upande mwingine waliweka kioo kilichopakwa salfidi ya zinki, ambayo hutoa cheche ndogo ya mwanga kila inapogongwa na chembe moja. Hapakuwa na mashine ya kuhesabu. Mtu aliingia chumba cha giza totoro, akasubiri macho yake yazoee giza, kisha akaweka jicho kwenye hadubini na kuzihesabu cheche moja baada ya nyingine hadi jicho lichoke, ampokee mwenzake.

Kama atomu ingekuwa keki ya Thomson, chembe zote za alfa zingepita zikiwa zimepindishwa kidogo tu, kwa sababu chaji chanya iliyotandazwa haina nguvu ya kuisimamisha chembe nzito yenye kasi kubwa. Nyingi zilipita hivyo kweli. Lakini Rutherford aliwaagiza waangalie pia upande ambao chembe zilitoka, na huko wakakuta cheche: takriban chembe moja katika kila 8,000 ilikuwa imerudi nyuma. Baadaye Rutherford alisimulia kwamba ilikuwa kana kwamba umepiga kombora la mzinga mkubwa kwenye karatasi laini, nalo likakurudia mwenyewe.

Alilifikiria jambo hilo kwa muda wa karibu miaka miwili. Hesabu zilimwonyesha kwamba mikengeuko midogo mingi haiwezi kujumlishwa ikazaa mgeuko mkubwa kama huo mara nyingi kiasi hicho, hivyo ilibidi chembe igeuzwe kwa kukutana mara moja na kitu kimoja. Na nguvu ya kuigeuza ingepatikana tu kama chaji yote chanya, pamoja na karibu uzito wote wa atomu, vimebanwa katika nafasi ndogo mno. Mwezi Machi 1911 alilitangaza hilo mbele ya jumuiya ya kisayansi ya Manchester, jumuiya ileile ambamo Dalton alisoma taarifa zake miaka zaidi ya mia moja kabla. Geiger na Marsden wakarudi chumba cha giza, na mwaka 1913 wakaripoti kwamba wamehesabu cheche zaidi ya 100,000, nazo zinaifuata kanuni ya Rutherford kwa kila pembe waliyoipima.

Ili uone udogo wa kiini, weka chini punje moja ya choroko, useme hicho ni kiini cha atomu ya dhahabu, kisha tembea hatua kama sitini. Hapo ulipofika ndipo ukingo wa atomu. Kati yako na punje ile hamna kitu kingine isipokuwa elektroni 79, ambazo kwa pamoja hazifikii hata sehemu moja ya elfu ya uzito wa choroko hiyo. Pete ya dhahabu uliyoivaa, jinsi unavyoihisi kuwa nzito na ngumu, ndani yake iko hivyo.

Lakini kiini cha Rutherford kilileta matatizo yake. Kwa kanuni za umeme zilizojulikana, chaji inayozunguka hutoa mwanga na kupoteza nishati; basi elektroni ingepaswa kuporomoka hadi kwenye kiini kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa hesabu hiyo, wewe, mimi na punje ile ya choroko tusingekuwapo.

Ufunguo wa tatizo hili unaweza kuuona jikoni. Sufuria ya mihogo iliyotiwa chumvi ikifurika juu ya jiko la gesi, moto wa buluu hugeuka ghafla kuwa wa njano iliyokolea. Njano hiyo ni ya sodiamu iliyomo katika chumvi, na ukiipitisha katika kipande cha kioo kinachotawanya rangi kama upinde wa mvua, huoni upinde mzima. Unaona mstari wa njano mahali pamoja, penye urefu wa wimbi wa nanomita 589. Kila elementi ina mistari yake, kama mtu na alama za vidole vyake. Haidrojeni ina minne inayoonekana kwa macho, na mwaka 1885 Johann Balmer, mwalimu wa shule ya wasichana huko Basel, Uswisi, aligundua kanuni inayoizalisha: ukizidisha nanomita 364.56 kwa 9 na kugawa kwa 5 unapata 656, ambao ni mstari mwekundu. Ukizidisha kwa 16 na kugawa kwa 12 unapata 486, wa buluu ya kijani. Na mingine hufuata kwa mpango huohuo. Kanuni ilikuwa sahihi ajabu, na kwa miaka 28 hakuna aliyejua kwa nini.

Niels Bohr, kijana wa Denmark aliyekuwa amefanya kazi na Rutherford, ndiye aliyejua, mwaka 1913. Alichukua wazo la Max Planck la mwaka 1900 kwamba nishati ya mwanga hutolewa kwa vipande kamili, akasema kwamba elektroni katika atomu inaruhusiwa kuwa na viwango fulani tu vya nishati, kama mtu anayeweza kusimama kwenye ngazi ya kwanza au ya pili lakini si baina yake. Ikiwa kwenye ngazi ya chini kabisa haina pa kuporomokea. Ikishuka kutoka ngazi moja hadi nyingine, hutoa mwanga wenye nishati sawa na tofauti ya ngazi hizo, na kwa hiyo rangi moja maalumu. Bohr aliweza kuikokotoa ile namba ya Balmer kutokana na chaji ya elektroni, uzito wake na namba ya Planck, ile inayoonyesha ukubwa wa vipande hivyo vya nishati. Mchoro wa duara ulioko katika daftari la mwanao ni wa Rutherford na Bohr kwa pamoja.

Mwaka huohuo kijana mwingine wa Manchester, Henry Moseley, alianza kupima miale ya eksirei inayotolewa na elementi mbalimbali, akaonyesha kwamba nafasi ya elementi katika jedwali haitokani na uzito bali na kiasi cha chaji ya kiini, ile tunayoiita namba ya atomu. Aliuawa vitani Gallipoli mwezi Agosti 1915, akiwa na miaka 27, na sijawahi kufundisha habari zake bila kusikitika. Rutherford aliendelea kukivunja kiini chenyewe: mwaka 1919 alitangaza kwamba chembe ya alfa ikigonga naitrojeni hutoa kiini cha haidrojeni, ambacho alikipa jina la protoni. Hata hivyo protoni hazikutosha kueleza uzito wa viini, na jibu lilipatikana mwaka 1932, pale James Chadwick alipothibitisha kwamba mnururisho wa ajabu unaotoka katika beriliamu, wenye kupenya metali ya risasi na kurusha protoni kutoka katika nta, ni chembe isiyo na chaji na yenye uzito karibu sawa na wa protoni. Hiyo ndiyo nyutroni. Inaeleza, kwa mfano, kwa nini klorini imeandikwa 35.5 katika jedwali la mwanao: hakuna atomu yenye nusu ya chembe, bali ziko klorini za uzito wa 35 na za 37, zilizochanganyika kwa karibu tatu kwa moja.

Sasa tufike kwenye wingu lako. Hesabu ya Bohr ilifaulu kwa haidrojeni, ikashindwa kwa heliamu, atomu inayofuata, yenye elektroni mbili tu. Mwaka 1924 Louis de Broglie wa Ufaransa alipendekeza kwamba kila chembe ina tabia ya wimbi, na mwaka 1927 wanasayansi wa Marekani na Uingereza waliona elektroni zikitawanywa na fuwele na kujipanga kwa mpango wa kupishana, jambo linalofanywa na mawimbi peke yake. Mmoja wao alikuwa G. P. Thomson, mwana wa yuleyule J. J. Thomson: baba alionyesha kwamba elektroni ni chembe, mwana akaonyesha kwamba ni wimbi, na wote wawili walipata Tuzo ya Nobel kwa haki.

Erwin Schrödinger alikuwa ameandika mwaka 1926 mlinganyo wa wimbi hilo, na mwaka huohuo Max Born akaeleza maana yake: ukubwa wa wimbi mahali fulani unakuambia uwezekano wa kuikuta elektroni hapo. Wingu linalochorwa vitabuni ni picha ya uwezekano huo. Elektroni haijasagwa ikawa moshi. Ukiipima unaikuta nzima, mahali pamoja. Lakini ukifanya kipimo hichohicho kwa atomu nyingi zinazofanana na kuweka nukta kila ulipoikuta, nukta zako zitajenga wingu: nene hapa, jembamba pale, na lisilo na ukingo mkali. Werner Heisenberg aliongeza mwaka 1927 kwamba mahali ilipo elektroni na mwendo wake haviwezi kuwa na thamani kamili kwa wakati mmoja, na kwa hiyo neno "njia" ya elektroni limepoteza maana ndani ya atomu. Hilo pia ndilo linaloizuia kuangukia kwenye kiini, kwani kadiri inavyobanwa mahali padogo ndivyo mwendo wake unavyokuwa mkubwa, na nishati ya kuibana hivyo haipatikani.

Uliuliza kama kuna aliyewahi kuiona. Kwa jicho hapana, kwa kuwa mawimbi ya mwanga unaoonekana ni makubwa kuliko atomu kwa maelfu ya mara. Lakini mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, wakiwa karibu na Zürich, waliunda hadubini inayotumia sindano yenye ncha kali mno, inayopita juu ya uso wa metali bila kuugusa na kupima umeme mdogo unaovuka pengo lililopo. Hiyo huchora uso atomu kwa atomu, kama kipofu anavyosoma kwa kidole. Mwaka 1989 Don Eigler na mwenzake Erhard Schweizer walitumia sindano ya namna hiyo kusogeza atomu 35 za xenoni moja moja na kuandika herufi tatu. Zilipoonekana, zilikuwa na ukubwa uleule uliokwisha kukokotolewa na watu wa kizazi cha Perrin.

Basi mwanao akikuletea daftari, angalia mchoro wa sodiamu: duara la kwanza lina elektroni 2, la pili 8, la tatu 1. Namba hizo ni za kweli kabisa, na nadharia ya mawimbi haikuzifuta. Iliongeza sababu yake, kwani kanuni aliyoitoa Wolfgang Pauli mwaka 1925 hairuhusu elektroni mbili kuwa katika hali moja kwa kila namna, na nafasi zilizopo katika kiwango cha kwanza ni mbili, na katika cha pili ni nane. Mwambie ayasome maduara kuwa ni ngazi za nishati, asiyadhanie kuwa barabara ambazo elektroni hupita. Kisha mwonyeshe ile elektroni moja ya mwisho, iliyo peke yake kwenye duara la nje. Hiyo ndiyo ambayo sodiamu humpa klorini ili kupatikana chumvi ya mezani. Na chumvi inapofurikia kwenye jiko la gesi, elektroni hiyohiyo ndani ya moto hupandishwa ngazi moja na kushuka tena, ikiacha kila inaposhuka chembe moja ya mwanga wa njano.